Hati ya kiwanja kwa majina mawili: tumiliki kwa pamoja au kwa hisa?

Habarini wakuu. Mimi na mume wangu tumenunua kiwanja Kibaha, upimaji umekwisha, sasa tunajaza fomu za hati. Majina yote mawili yanaingia, hilo tumekubaliana. Tumeulizwa: kwa pamoja au kwa hisa? Mume ana watoto wawili kwa mama mwingine, nasi tuna mmoja. Pesa nyingi ni zake, mimi nimeweka mkopo wangu wa kazini. Sitaki kudhulumu mtoto wa mtu, ila sitaki pia kutolewa kwenye nyumba uzeeni. Nishaurini.

Mzee wa Mtaa: Binti yangu, andikeni pamoja yaishe. Mke na mume wanahesabiana hisa za nini?

Wakili wa Moro: Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo pana watoto. Dada, Sheria ya Ardhi ya 1999 inatenganisha haya mawili. Mkimiliki kwa pamoja, hakuna mwenye fungu lake. Kuuza au kuweka rehani ni hadi wote msaini, na mmoja akifariki haki yake inahamia kwa aliyebaki, haiingii kwenye mirathi. Yaani baba akitangulia, wale wawili hawana chao kwenye kiwanja hicho. Kwa hisa, kila mmoja ana fungu, na akifa linakwenda kwa warithi wake. Mkiacha bila kusema, na ardhi ni ya matumizi yenu wote wawili, kifungu cha 161 kinawachukulia kuwa wamiliki wa hisa.

Mama Kauthar: Hisa zina shida yake. Wifi yangu alifiwa, arobaini haijaisha watoto wa marehemu wakataka nyumba iuzwe wagawane. Alikuwa bado anapika kwenye jiko lile lile.

Wakili wa Moro: Ndiyo maana hisa ziende na wosia unaompa mjane haki ya kukaa humo maisha yake. Kama ni Waislamu, muoneni kwanza shehe anayejua mirathi, maana mrithi hausiwi hivi hivi.

Muuliza swali: Asanteni sana. Sisi ni Wakristo. Mume kasoma yote, amekubali hisa, nusu kwa nusu, na wosia. Mafungu tunayataja kwenye fomu yenyewe?

Wakili wa Moro: Ndiyo, yatajeni humo, na kabla ya kusaini hakikisheni yameandikwa.