Mrejesho: ile simu ya "RAM 16"

Jamani ahsanteni. Juzi niliwauliza nichukue ipi: yenye RAM (kumbukumbu ya muda ambayo simu hufanyia kazi) ya GB 8, au ile ya bei hiyohiyo iliyoandikwa RAM 16, hifadhi 128. Nimerudi Darajani, nikaomba kuishika. Nikaingia Mipangilio, Kuhusu simu: "GB 8 + 8". Kumbe nane za pili za kuazima, zinamegwa kwenye hizo 128 za kuwekea picha! Na hifadhi haina kasi ya RAM hata kidogo. Muuzaji akacheka tu: "Lakini si jumla yake kumi na sita, kaka?"

Basi, nane kwa nane. Prosesa, yaani ubongo wa simu, zilikaribiana, nikachukua ile ya kwanza, ina hifadhi 256. Video za harusi ya dada zimeingia zote. Kava lake tu ndiyo sijapata.