Kanitambulisha kwa wageni: "She hardly works". Halafu mkali yeye!

Binti Ngamiani:
Wakuu, vidole vinatetemeka hapa. Mnamjua, simtaji: yule bosi wetu ambaye tangu arudi Dar salamu ya Kiswahili haimpiti kooni. Leo kaleta wageni kutoka Uingereza ofisini kwetu Chumbageni, akaninyooshea mkono: "She hardly works." Mbele ya wageni! Alitaka kusema nachapa kazi, kumbe kawaambia kazi siigusi. Mzungu kanitazama kuanzia ushungi mpaka viatu, anakadiria mshahara ninaouiba!

Nikamnong'oneza kwa adabu: bosi, bidii ni "hard" tupu, "she works hard". Akanijibu kwa sauti, wageni wanasikia: "Kielezi huishia na -ly, rudi darasani." Mimi! Ripoti zake zote nani anaziandika? Sasa na "fast", kielezi cha haraka, ataipachika "-ly"? "Late" ni kuchelewa, "lately" ni siku hizi za karibuni, mbona hayo yamemshinda? Nimeingia asubuhi na mapema, chai sijaigusa, meza imejaa mafaili mpaka sionekani, halafu "she hardly works"! Mbele ya wageni!

Mvuvi wa Deep Sea:
Dada, saa nane mchana hii uko kazini unafungua uzi. Mzungu kaambiwa ukweli mtupu.

Mchuuzi wa Barabara ya 12:
😂😂 Huu uzi bila picha ya ushungi haujakamilika.

Mwalimu Mstaafu:
Msimmalize bwana wa watu. Zamani Waingereza wenyewe walisema "hardly" wakimaanisha kwa nguvu, kwa ukali. Maana hiyo ilikufa, ikabaki ya "kwa shida, karibu hapana". Ndiyo maana haipendi kukaa na "not", maana ukanushaji umo ndani yake tayari. Na ikianza sentensi, kitenzi kisaidizi kinaruka mbele: "Hardly had he sat down when...", yaani hata hajakaa vizuri, mara...

Binti Ngamiani:
Shikamoo mwalimu. Kwani huyu kazaliwa zama hizo? "She hardly works", mwalimu! Wageni wanaandika kwenye vidaftari!

Abiria wa Pongwe:
Nyie mna nafuu. Wa kwetu ana "actually". Neno la kumwambia mtu kwamba mambo kwa kweli siyo alivyodhani, yeye kwake ndiyo bismillahi. "Actually, good morning." Nani kabisha kwamba ni asubuhi?

Mvuvi wa Deep Sea:
Actually, hizi bajaji za Raskazone zinatuonea. Jua likizama tu, bei inapanda.

Mkwezi wa Muheza:
Bajaji mnazo, mnalalamika! Huku kwetu mvua ikinyesha hata bodaboda anakataa.

Binti Ngamiani:
Jamani, mbele ya wageni...

Mchuuzi wa Barabara ya 12:
Bodaboda wa Muheza nawajua, chenji hawarudishi. Halafu hivi, Coastal Union wakicheza uwanja wa Mkwakwani tiketi zinauzwa getini au wapi?

Mkwezi wa Muheza:
Kaulize getini. Ila wahi, na wewe uwe na chenji.