Naomba ushauri: muamala wa kadi "umekubaliwa" lakini pesa haijaingia benki

MshonaMikoba
Wakuu, habari zenu. Nashona mikoba ya ngozi na kuiuza mtandaoni. Wateja wa mbali wanataka kulipa kwa kadi, kwa hiyo nimejiunga na kampuni moja ya malipo. Mteja wa kwanza kalipa, skrini ikaandika muamala umekubaliwa, lakini benki sijaona kitu, na kiasi kinachosomeka "kinasubiri" ni pungufu ya bei yangu. Pesa iko wapi, na hayo makato anachukua nani? Kuna ndugu yangu ananishauri niachane na kampuni, wateja wanitumie namba za kadi kwa ujumbe niziingize mwenyewe.

KaaChonjo
Dada, hilo la ndugu yako usilifanye kabisa. Namba zikija kwa ujumbe zinabaki kwenye simu yako na kwenye nakala za mazungumzo. Simu ikiibwa, na kadi za watu zimeibwa. Mitandao ya kadi ina kanuni za usalama ziitwazo PCI DSS, zipo tangu 2004. Zile tarakimu 3 za nyuma ya kadi huruhusiwi kuzitunza baada ya muamala kuidhinishwa, hata ukizifunga kwa nywila. Mwache mteja ajaze kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, wewe ubaki na tokeni tu, yaani namba mbadala inayosimama badala ya namba ya kadi.

MzeeWaMiamala
Nimefanya kazi kitengo cha kadi benki, ngoja nikueleze. Mteja akibonyeza "lipa", taarifa hutoka kwenye ukurasa huo zikaenda benki inayokupokelea wewe, kisha mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, kisha benki iliyompa mteja kadi. Namba ya kadi ndiyo inayoonyesha njia: inayoanza na 4 ni Visa, 34 au 37 ni American Express, na tarakimu za mwanzo kwa pamoja zinataja benki iliyoitoa. Benki hiyo inatazama kama kadi ni hai, kama salio au kikomo cha mkopo kinatosha, na kama ununuzi huo unafanana na mwenendo wa mwenye kadi. Jibu linarudi kwa njia ileile, yote ndani ya sekunde chache.

Sasa shika hapa. "Umekubaliwa" maana yake benki ya mteja imeahidi kulipa na imekizuia kiasi hicho. Pesa yenyewe haijahama. Miamala hukusanywa, mara nyingi mwisho wa siku, ikapelekwa kwenye mtandao wa kadi, benki zikalipana, ndipo kampuni ikuwekee chako. Siku mbili tatu za kazi ni kawaida, na akaunti mpya huchelewa zaidi kwa sababu hawajakujua: mteja akidai pesa yake nawe hupatikani, hasara inawaangukia wao.

Makato: sehemu kubwa kwa kawaida huenda benki iliyotoa kadi, kidogo mtandao wa kadi, inayobaki ni ya kampuni yako. Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wa hiyo sehemu ya benki mwaka 2015, asilimia 0.2 kwa kadi za debiti na 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi. Kwingi duniani iko juu ya hapo.

HesabuKwanza
Angalia pia kama wana ada isiyobadilika kwa kila muamala. Tuseme ni asilimia 3 na senti 30. Kitu cha dola 100 unakatwa 3.30. Cha dola 5 unakatwa senti 45, yaani asilimia 9! Vitu vidogo uza kwa pamoja.

MshonaMikoba
Asanteni sana, nimeelewa. Mzee, sasa mkoba nitume au nisubiri pesa iingie?

MzeeWaMiamala
Kama mteja alithibitisha kwa msimbo wa benki yake (huo mfumo unaitwa 3-D Secure), tuma, ila kwa msafirishaji mwenye namba ya ufuatiliaji, na utunze risiti. Kwa malipo yaliyothibitishwa hivyo, mtu akidai kadi iliibwa, kwa kawaida hasara inahamia benki yake. Akisema mzigo haujafika, au si ule alioagiza, huo ulinzi hauhusiki, unabaki na ushahidi wako tu. Na pesa kuingia benki hakumalizi jambo: kwa madai mengi mwenye kadi ana hadi siku 120 za kuitaka benki yake imrudishie pesa. Akilalamika kwa haki mrudishie mapema mwenyewe, maana dai likishafika benki unatozwa na ada ya dai. Mtu akibadilisha anwani baada ya kulipa, au akijaribu kadi kadhaa mfululizo, huyo msimamishe kwanza.

Jambo jingine, ingia kwenye mipangilio uone jina linalotokea kwenye taarifa ya benki ya mteja. Wengi hudai pesa kwa sababu hawalitambui jina hilo. Kama ni lako la kitambulisho, weka la duka kabla hujatuma huo mkoba.