Suzuki 2021: waliporomoka, au wenzao ndio waliopanda?

Mwanzisha mada
Wakuu, kila tukigusa MotoGP, zile mbio kubwa za pikipiki duniani, lazima atokee wa kusema Suzuki walilewa ubingwa. Mwaka 2020 Joan Mir kabeba taji, la kwanza kwa dereva wa Suzuki daraja la juu tangu Kenny Roberts Jr mwaka 2000, na ubingwa wa timu nao wakauchukua. Mwaka 2021 hawakushinda hata mbio moja. Hiyo hoja ya kulewa siiafiki, na leo nimekuja na hesabu.

Mir 2020: pointi 171, mbio 14. Mir 2021: pointi 208, mbio 18. Gawanyeni wenyewe: 12.2 kwa kila mbio, halafu 11.6. Huko ndiko kuporomoka? Hata mwaka wa ubingwa alishinda mara moja tu, Valencia. Franco Morbidelli na Fabio Quartararo walishinda mara tatu tatu na taji wakalikosa. Marc Márquez, bingwa mtetezi, alivunjika mkono mbio ya kwanza kabisa pale Jerez, mlango ukawa wazi, na washindi tisa tofauti wakapatikana msimu ule. Kwenye vurugu kama ile anayeokota pointi polepole ndiye anayecheka mwisho.

Kilichobadilika ni wenzao. Kwa sababu ya korona, Suzuki, Ducati, Yamaha na Honda walirudi 2021 na injini zilezile za 2020. Vita ikahamia kwingine, hasa kwenye kile kifaa cha kushusha mkia wa pikipiki. Ukitoka kwenye kona ukafungua moto, tairi la mbele linataka kupaa. Bodaboda aliyepakia gunia nyuma akapanda kilima nalo anaelewa. Dereva wa Ducati anabonyeza tu, nyuma inazama, tairi la mbele linatulia, nguvu yote inaingia kwenye lami. Suzuki hawakuwa nacho mpaka Agosti, mbio za Styria kule Austria. Na siku hiyohiyo Mir akamaliza wa pili. Mnataka ushahidi gani tena?

Mchangiaji wa 1
Hesabu tamu, ila Alex Rins, mwenzake Mir pale Suzuki, umemficha wapi? 2020 wa tatu kwa pointi 139. 2021 wa 13, pointi 99, na mbio zimeongezeka. Alianguka mara nne mfululizo: Portimão, Jerez, Le Mans, Mugello. Kabla ya Catalunya akapanda baiskeli huku anaangalia simu, akajibamiza kwenye gari lililosimama, mkono ukavunjika. Hilo nalo ni kifaa?

Tena Suzuki walikuwa na pikipiki mbili tu uwanjani. Moja ikilala kwenye changarawe, mafundi wamebaki na data za mtu mmoja. Ducati walikuwa nazo sita.

Mwanzisha mada
Rins nilimkwepa makusudi, umenikamata. Ila hiyo ya pikipiki mbili mbona inanisaidia mimi?

Mchangiaji wa 2
Nyote mnazunguka mbuyu. Kifaa kilichelewa kwa nini? Davide Brivio, aliyeijenga ile timu, aliondoka Januari 2021 kwenda Alpine ya Formula 1. Nafasi yake haikujazwa; kazi ikaachiwa kamati ya ndani, Shinichi Sahara akiwa kinara. Kamati inajua kupanga vikao. Mwenye kugonga meza makao makuu Japani akasema "nakitaka kabla ya Juni" hakuwepo. Nimefanya kazi gereji yenye wakubwa watatu, spea ya elfu kumi ilikuwa inasubiri wiki nzima.

Mchangiaji wa 3
Gereji yenyewe ipo bado?

Mchangiaji wa 2
Wanauza matofali sasa hivi.

Mwanzisha mada
Basi twende 2022. Meneja kapatikana, Livio Suppo. Baada ya mbio tano Rins ana pointi 69, sawa na Quartararo kileleni. Mapema Mei habari zikatoka kwamba kampuni ya Suzuki inajitoa MotoGP mwisho wa mwaka. Le Mans wote wawili chini. Mugello wote wawili chini. Meneja yupo, na bado wanaanguka! Halafu Oktoba Rins anashinda Phillip Island, na Novemba anafunga hesabu Valencia: kaanza wa tano, kona ya kwanza kaongoza, hakuonekana tena mgongo wa mtu mbele yake. Meneja ni yuleyule. Pikipiki ikiwa kamili, inashinda hata kama ofisini wanafungasha virago.

Mchangiaji wa 1
Phillip Island ni kona ndefu za kutiririka, chakula cha Suzuki. Valencia ndiko Mir alikoshinda 2020. Hivyo ni viwanja vyao, usituuzie.

Na hiyo Styria yako ndiyo inakuangusha. Mwaka 2020, uwanja uleule, kifaa hakuna, Mir alimaliza wa pili kwenye Austrian GP, mbio nyingine ya hapohapo. Wiki iliyofuata alikuwa anaongoza, tena kwa mbali, mpaka breki za Maverick Viñales zilipokufa, akaruka kutoka kwenye pikipiki, bendera nyekundu ikapepea, mbio zikasimamishwa. Kwa hiyo Agosti 2021 kifaa kilileta nini ambacho hakikuwepo?

Mwanzisha mada
Hapo umenibana. Nipe mpaka kesho nitafute muda wa kila mzunguko, mwaka kwa mwaka. Mkinikuta kimya msidhani nimekimbia.