Domane au Checkpoint? Baiskeli ya barabara zote kwa mtu wa Arusha: lami au changarawe

Mpanda Meru (Arusha)

Wakuu, salaam. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Nina uzito wa kilo 78 na uwezo wa kununua baiskeli moja tu. Jumamosi natoka na kundi, lami tupu: Bypass mpaka Kisongo, tukiwa na nguvu tunasogea Meserani, au tunashika njia ya Namanga. Jumapili napenda kutoka peke yangu na huko ni vumbi: vijiji vya juu ya Ngaramtoni, Monduli, upande wa Ngarenanyuki.

Nimezipenda mbili. Ya kwanza ni Domane ya kampuni ya Trek, kizazi cha nne, ile iliyotoka 2022. Inakuja na tairi za milimita 32 na fremu inapokea mpaka 38. Ya pili ni Checkpoint, nayo ya Trek, kizazi cha tatu, ya 2024, ambayo fremu yake inapokea mpaka 50. Muuzaji anasisitiza kwamba Domane ni "baiskeli ya barabara zote", nikiichukua nimemaliza. Ni kweli kwa barabara zetu hizi, au maneno hayo ni ya barabara za wenzetu?

Kipepeo wa Lami (Dar es Salaam)

Mkuu, chukua Domane. Umesema mwenyewe Jumamosi upo na kundi, na kundi halisubiri mtu. Checkpoint ni ndefu zaidi kati ya gurudumu na gurudumu, usukani wake umetulia makusudi ili isiyumbe kwenye kokoto. Utulivu huo kwenye lami utauona kama uzito: unataka kuruka upande kukwepa shimo, inachelewa kidogo.

Halafu watu wanaidharau sana tairi ya 32. Kwenye mawe ya Paris–Roubaix, zile mbio za Ufaransa, mabingwa walipita miaka mingi na tairi nyembamba kuliko hiyo, na sasa 32 ndiyo imekuwa kawaida yao. Ukiweka 38 kwenye Domane una baiskeli ambayo babu zetu wa mbio wangeiita ya porini.

Fundi Rimu (Moshi)

Kipepeo, nakuheshimu, ila mawe ya Roubaix yamepangwa na yanakaa palepale. Mpanda Meru anazungumzia majivu ya volkano, kokoto zinazoteleza na udongo wa mbuga. Hivi ni vitu vitatu tofauti na kila kimoja kinadai tairi yake.

Mimi kazi yangu ni kuzifungua hizi baiskeli zikirudi. Nikiambiwa baiskeli ni ya barabara zote, sitazami jina lililoandikwa kwenye fremu. Naigeuza matairi juu, natazama pale nyuma ya kanyagio, ambapo mabomba mawili ya chini yanalikumbatia tairi. Hapo ndipo penye jibu. Fremu inayosema mwisho 38, ukifunga 38 kamili, imebaki nafasi ndogo pande zote mbili. Kiangazi hakuna shida. Mvua za masika zikishuka, shika njia ya Monduli au za kuingia porini pale Makuyuni, udongo mweusi unajazana hapo, unachanganyika na majani na vijiwe, na gurudumu linasimama kabisa. Hata kabla halijasimama, vile vijiwe vinasaga rangi, na baada ya rangi vinasaga kaboni yenyewe. Nimeshashika fremu ambayo ukipitisha kidole pale unahisi bonde.

Kwa hiyo 38 ya Domane naihesabu kama 35 ya kutumia kila siku na 38 ya kiangazi tu. Checkpoint ukiifunga 45, bado pembeni kuna nafasi ya udongo kupita. Tofauti kati ya hizi mbili inaanzia hapo. Mengine yanafuata.

Mtu wa Ngong (Nairobi)

Niaje wadau. Naongezea ya huku kwetu, maana hali ni ileile.

Murram, yaani barabara ya changarawe, ikiwa imetoka kupigwa greda, hata baiskeli ya 32 inapita vizuri sana, unafurahia. Baada ya malori kupita wiki chache, inajikunja kama bati. Hapo ndipo watu wanagundua walichonunua. Mawimbi yale yanapiga mikono mpaka vidole vinakufa ganzi, na ukiwa na tairi nyembamba yenye upepo mwingi huwezi kushika breki vizuri ukishuka. Mimi huteremka kutoka Kiserian kuelekea Magadi, lami yote, raha mtindo mmoja. Lakini ukikata kuingia njia za Wamaasai pembeni, 35 inakuwa adhabu.

Angalia pia Migration Gravel Race, ile iliyoanza 2021 kule Maasai Mara. Siku nne, kama kilomita 650, mawe, vumbi, mito. Zile ndizo changarawe za Afrika Mashariki. Marehemu Sule Kangangi, mwendesha baiskeli Mkenya, na wenzake wa timu ya Team Amani walionyesha dunia kwamba baiskeli ya huku kwetu lazima istahimili haya. Neno changarawe la Ulaya mara nyingi ni njia ya shamba iliyoshindiliwa vizuri. Mpanda Meru asichanganye hizo mbili anaposoma maelezo ya kiwanda.

Mpanda Meru (Arusha)

Fundi, hilo la bonde kwenye kaboni limenikaa kichwani. Nashukuru.

Ila mniambie na gia. Domane ninayoionyeshwa ina 105, seti ya gia za lami ya Shimano, sahani mbili mbele, meno 50 na 34, nyuma 11 mpaka 34. Rafiki yangu ana GRX, seti ya Shimano ya changarawe, ya sahani moja ya 40, nyuma 10 mpaka 51, ananiambia sahani mbili zimepitwa na wakati. Vijiji vya juu ya Ngaramtoni vina vilima vya kusukuma kwa mkono.

Dada Gia (Iringa)

Kaka, sahani mbili hazijapitwa na wakati, zina kazi yake. Tupige hesabu.

Gia nyepesi kabisa ya Domane hiyo ni 34 kwa 34: kanyagio likizunguka mara moja, gurudumu nalo mara moja. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unapanda kwa karibu kilomita 8 kwa saa. Ikitokea mlima mkali na kokoto huru, kasi hiyo huna, kwa hiyo unaanza kukanyaga polepole kwa nguvu, tairi la nyuma linateleza, unashuka. Ile ya rafiki yako, 40 kwa 51, mizunguko ileile 60 inakupeleka kama kilomita 6. Mbili hizo zinaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye kilima cha kokoto ndizo zinazoamua kama utabaki juu ya siti.

Sasa geuza upande wa pili. Gia nzito ya 50 kwa 11, ukikanyaga mizunguko 90, unakwenda karibu kilomita 53 kwa saa. Ya 40 kwa 10 inaishia kama 46. Kwa mtu wa kawaida 46 inatosha, isipokuwa mkiteremka na kundi. Kinachoumiza zaidi kwenye lami ni nafasi kati ya gia na gia. Ile 11-34 inaanza 11, 12, 13, 14, 15, jino moja moja. Ile 10-51 inaruka 10, 12, 14, 16, 18. Kundi likiongeza mwendo kidogo tu, gia moja ni nyepesi mno, inayofuata ni nzito mno, na wewe huna ya katikati. Saa mbili za hivyo zinachosha miguu kuliko mlima.

Kama ningekuwa wewe ningetafuta GRX ya sahani mbili, 48 na 31, nyuma 11-36. Mlima unapata wepesi wa kutosha, na kwenye lami hakuna mtu atakayekuacha kwa sababu ya gia.

Kipepeo wa Lami (Dar es Salaam)

Dada Gia ameeleza vizuri, na hesabu ya 11-34 inanisaidia mimi. Bado nasimama na Domane, na sababu yangu ni mkao. Mtu anayekaa saa nne kwenye lami anahitaji mwili ulale kidogo mbele upepo upite. Njia ya Namanga ina upepo wa kutoka tambarare, kila aliyepita Oldonyosambu anaujua. Ukiwa wima unapigana nao peke yako.

Na swali langu kwake ni hili: Jumapili huwa ni kila Jumapili, au ni pale mwili ukikubali?

Mpanda Meru (Arusha)

Mkuu, nikiwa mkweli, Jumapili ndiyo siku ninayoisubiri. Jumamosi naenda kwa sababu ya watu.

Fundi Rimu (Moshi)

Basi umeshajijibu, na mimi naweza kusema wazi. Domane ni baiskeli ya lami inayovumilia changarawe nzuri. Checkpoint ni ya changarawe inayovumilia lami vizuri. Fremu pana unaweza kuivisha tairi nyembamba muda wowote. Fremu nyembamba huwezi kuipanua. Ukinunua moja tu, nunua ile inayokuachia mlango wazi.

Kupoteza kwenye lami kupo, Kipepeo hasemi uongo. Ila sehemu kubwa ya upotevu huo iko kwenye tairi, siyo fremu. Chukua Checkpoint, tafuta seti ya pili ya magurudumu, iwe ya kawaida tu, ifungwe tairi laini za 32. Jumamosi hiyo, Jumapili ile ya 45 yenye meno madogo katikati na makubwa pembeni. Kubadilisha ni dakika chache.

Upepo: kwa kilo 78, anza na psi 55 hivi kwenye 32 za lami, mbele punguza kidogo. Kwenye 45 anza na psi 32 nyuma na 29 mbele, halafu sikiliza. Ukisikia rimu inagonga jiwe, ongeza. Ukiona inadundadunda kwenye mawimbi, punguza. Usijaze kwa kubonyeza kwa kidole, nunua kipimo.

Na funga tyublesi, yaani tairi lisilo na tyubu, hili sijadili na mtu. Miiba ya migunga ya upande wa Longido na Monduli inapita tyubu kama hakuna kitu. Ile dawa ya majimaji inayowekwa ndani ya tairi inaziba tundu ndogo ungali unakanyaga, wala hujui kama umechomwa. Kwa joto letu inakauka haraka, kwa hiyo fungua uikague kila baada ya miezi miwili. Kwa tundu kubwa beba zile kamba za kuzibia matairi ya magari, zipo nyembamba za baiskeli. Tyubu moja ya akiba pia, na kabla ya kuiweka pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, maana miiba mingine inabaki imejificha ikisubiri hiyo tyubu mpya.

Mtu wa Ngong (Nairobi)

Naunga mkono Fundi mia kwa mia, na hasa kwa seti mbili za magurudumu. Huku wengi tunafanya hivyo. Hakikisha tu seti ya pili ina ekseli za size ileile, 12 kwa 100 mbele na 12 kwa 142 nyuma, na diski za breki ziwe na kipenyo sawa na za kwanza na zikae mahali palepale. Zikitofautiana hata kidogo, kila wikendi utakuwa unarekebisha breki.

Mpanda Meru (Arusha)

Nimeamua, Checkpoint. Nitaulizia ya GRX sahani mbili kama Dada Gia alivyosema, na wakiniletea ya sahani moja nitaomba wabadilishe kabla sijalipa. Magurudumu ya lami nitayatafuta taratibu, nianze na yale yanayokuja nayo. Kipepeo, ukija Arusha tupande wote mpaka Oldonyosambu, huo upepo tugawane.

Kipepeo wa Lami (Dar es Salaam)

Nakuja mkuu, na Domane yangu. Chaguo lako limekaa vizuri kwa Jumapili zako.

Fundi Rimu (Moshi)

Jambo moja la mwisho. Tairi ikishafungwa ipime upana kwa vernia, kile kipimo cha milimita, usiamini namba iliyoandikwa pembeni. Rimu za siku hizi ni pana ndani, tairi la 45 linaweza kuvimba likafika 47, na baada ya wiki mbili tatu linatanuka tena kidogo. Acha angalau milimita nne kila upande. Ikiwa pungufu ya hapo, masika utakuja kwangu.