Yah: Barua ya CP2000, zimebaki siku 19 za kujibu

Mama Neema (Houston)
Ndugu zangu, hamjambo. Nimeisoma barua hii mara nne na usingizi umenipaa. Ni CP2000 ya mwaka 2024, ile ya IRS, watu wa kodi wa Marekani, ya kusema kuna kipato hukukitaja. Mwaka ule nilikuwa na W-2 yangu ya kawaida, karatasi ya mshahara, na wikiendi naenda kuhudumia wazee majumbani kupitia wakala mwingine, akanipa 1099-NEC, karatasi ya malipo ya asiye mwajiriwa, ya dola 14,200. Aliyenijazia kodi nilimkabidhi karatasi zote mkononi, yeye akaingiza W-2 peke yake. Sasa wanadai kodi juu ya 14,200 nzima, pamoja na ile 15.3% ya kujiajiri, na faini na riba juu yake. Mafuta yangu, glavu, maili za kutoka kwa mzee mmoja hadi kwa mwingine, hakuna kilichohesabiwa. Naomba kujua jambo moja tu: nitie alama pa "sikubali" niambatishe Schedule C, fomu ya mapato na gharama za kujiajiri, au nitume 1040-X, ile ya kurekebisha kodi iliyokwisha kutumwa?

Baba Tumaini (Minneapolis)
Pole sana dada. Yalinikuta hayo hayo nilipokuwa naendesha gari la abiria usiku. Sikuwa na daftari la maili hata ukurasa mmoja, nikalipa kama walivyoandika, kwa mafungu ya dola 85 kila mwezi, miezi ishirini na tisa. Kila nikiona bahasha ya kahawia moyo unalipuka mpaka leo. Andikeni maili, jamani, kila siku kabla hujashuka garini. Na sasa tumeongezewa lingine: tangu 1 Januari 2026 kila hela unayotuma nyumbani inakatwa 1%. Mtu unalea watu saba huko, utakatwa mara ngapi?

Mwalimu (Columbus)
Baba Tumaini, nakuomba usitangaze usichokisoma, watu wanaogopa bure. Si kila hela. 1% ni kwa anayelipa kwa pesa taslimu, money order au hundi ya benki. Ukituma kutoka akaunti yako ya benki ya hapa, au kwa kadi iliyotolewa hapa, hukatwi. Muswada ulianza na 5%, ukashuka 3.5%, ukaishia 1%. Nimemhamisha mama mkwe wangu, alikuwa anapeleka noti dirishani kila Ijumaa. Sasa anatuma kwa kadi.

Mama Neema, maili ulizosema za kati ya wateja zinakubaliwa, senti 67 kwa maili kwa 2024. Ila kutoka kwako hadi kwa mzee wa kwanza, na kurudi kwako jioni, hizo usiziweke.

Binti Tanga (Seattle)
Shikamoo Mwalimu. Dada, pole. Ukiwa unarekebisha hiyo, angalia na akaunti za nyumbani, mimi ndiko nilikoumia. Akaunti ya Dar ina majina mawili, langu na la kaka. Mwezi tulipokusanya hela ya kuezeka nyumba ya mama salio lilifika shilingi milioni 31, kwa siku tatu tu, kisha fundi akalipwa. Nilidhani dola 10,000 za FBAR, ile ripoti ya akaunti za nje ya Marekani, ni salio la mwisho wa mwaka. Kumbe ni siku yoyote.

Baba Tumaini
Lakini hela ile ni ya mama. Kwa nini uiripoti wewe?

Binti Tanga
Kwa sababu jina langu lipo. FinCEN 114, ndiyo fomu yenyewe ya FBAR, haiulizi hela ni ya nani moyoni, inauliza nani ana akaunti na nani anaweza kuweka sahihi.

Mwalimu
Na ni jumla ya akaunti zote, si moja moja. Ukiwa na 6,000 Dar na 5,000 Nairobi, umeshavuka. Halafu haiendi pamoja na 1040, fomu ya kodi ya mwaka, ina njia yake. Tarehe ni 15 Aprili, ukichelewa unapewa mpaka 15 Oktoba bila kuomba. Ukiwa mweka hazina wa chama, hata kama hela si yako, sahihi yako inakuhusu.

Binti Tanga
Riba nayo niliieleza kwenye 1040, benki ya Dar ilishakata 10%, nikaidai kwa fomu 1116, ya kupunguziwa kodi uliyokwisha kulipa nchi nyingine. Mkataba wa kodi kati ya Tanzania na Marekani hakuna, lakini fomu hiyo haihitaji mkataba.

Bati zenyewe sijaziona, nimezionea kwenye simu. Mama anasema mvua ikinyesha usiku anasikia nyumba yake inaongea. Kiwanja kiko kwa jina la kaka, maana nimechukua uraia wa hapa, na sheria yetu ya ardhi ilikuwa haimpi asiye raia kiwanja cha kujijengea. Wenzetu Wakenya wana uraia pacha tangu Katiba ya 2010. Sisi tunajenga kwa majina ya watu.

Baba Tumaini
Hapo umenigusa. Mzee wangu alizikwa Bagamoyo, na mimi mwanawe naingia kwa viza. Wanasema kuna hadhi maalum kwa sisi wa nje. Hadhi si uraia. Nimezaliwa kule.

Mwalimu
Tusitoke nje ya mada.

Mama wa Ubungo (Dallas)
Mama Neema mdogo wangu, nenda VITA, ni bure.

Mwalimu
VITA wanajaza kodi, barua ya namna hiyo wengi wao hawaishiki. Anachotaka ni LITC, kliniki ya kodi ya wenye kipato cha chini, wanamwakilisha mtu mbele ya watu wa kodi. Na apige namba iliyo juu ya barua aombe siku zaidi, leo, asingoje siku ya thelathini.

Mama Neema
Asanteni wote, nimesoma kila neno. Nimepiga, nimesubiri saa moja na dakika arobaini, simu ikakatika, kesho nitaamkia hapo hapo. Binti Tanga, nina akaunti na mdogo wangu Morogoro, sasa na hiyo imeniingia kichwani. Lakini ni 1040-X au Schedule C? Zimebaki 16.