Mrejesho: umeme kukatika na baridi hii

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza tufanyeje umeme ukikatika usiku, na baridi ndiyo hii imeanza. Tumehamia wote chumba kimoja kidogo, mapazia mazito dirishani, shuka limekunjwa chini ya mlango kuzuia upepo. Hilo ndilo limesaidia kuliko yote. Maji tunachemsha mapema, umeme ukiwepo, tunayahifadhi kwenye chupa za chai. Aliyeshauri jiko la mkaa ndani, samahani, hapo nimegoma: kaboni monoksaidi, gesi inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina harufu wala rangi, na huua watu usingizini. Friji hatulifungui ovyo. Likibaki limefungwa, chakula hukaa salama kama saa 4. Bado natafuta taa ya kuchaji inayofika asubuhi. Mwenye uzoefu aseme.